Maji ya Wipa na Macho ya Selemani

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye yadi ya magari kule Buguruni, Mkuu wa Yadi hakuniuliza nimesoma mpaka wapi. Angeniuliza hilo ningegeuza njia, maana shule niliiacha mwalimu bado ananishika mkono kuandika. Yeye, Mzee Kondo Salum, alipanga chupa juu ya tairi kuukuu, akaniambia, "Chovya kidole, gusa ulimi, tema. Usimeze. Halafu niambie yapi ya kisima."

Nikachovya, nikatema. Nikamwonyesha. "Haya."

"Umejuaje?"

"Yana chumvi."

"Na haya ya pembeni?"

"Hayo hayana ladha, Mzee. Kama nimelamba hewa."

Mzee Kondo hakuwa mtu wa kucheka, lakini siku ile alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hayo yanatoka kwenye kiyoyozi. Hayo ndiyo utakayotafuta kila siku ya kazi yako. Njoo kesho, uje na viatu vya kufunika vidole."

Basi nikawa mtu wa maji. Mume wangu Athumani alikuwa ametangulia mbele ya haki, watoto wanakula na wanasoma, na mimi sikuwa na kazi mkononi. Nyinyi mnaoanza leo mnaweza kuona ni kazi ya kitoto, kujaza maji kwenye gari. Nami nilidhani hivyo. Lakini nimeyaona maji ya wipa yakikaribia kumla mtu macho, mchana kweupe, katikati ya Kariakoo, na mtu mwenyewe ni rafiki yangu. Ndiyo sababu nasimulia, na binti yangu anaandika. Kwanza niwaeleze kazi yenyewe, mpate kuelewa tulivyofika pale.

Gari lina maji ya namna namna. Kuna ya rejeta, yanayopoza injini. Kuna ya betri, yaliyochujwa, yanayoongezwa juu ya asidi iliyomo ndani. Na kuna ya wipa, yanayorushwa kwenye kioo cha mbele ili ule mpira upite na kuondoa vumbi. Tangi lake ni la plastiki nyeupe, limejificha pembeni chini ya boneti, na kwenye kifuniko chake pamechorwa kioo na maji yanaruka. Nashukuru wachoraji, kwa sisi tusiojua kusoma sana. Chini ya tangi kuna pampu ndogo. Dereva akivuta kijiti karibu na usukani, pampu inasukuma maji kwenye mpira mwembamba mpaka kwenye nozeli, yaani vile vitundu viwili vilivyo chini ya kioo.

Adui wa kwanza wa nozeli ni chumvi. Maji ya visima vyetu vya mjini yana chumvi, mnalijua hilo kila mnapooga. Ukiyatia kwenye tangi, mwanzoni yatatoka vizuri. Baadaye vitundu vinaota ukoko mweupe, kama ule wa birika. Dereva anavuta kijiti, pampu inalia, maji hayaji. Mpira unapita mkavu juu ya tope na kulisambaza kioo kizima, na gari liko mwendoni. Adui wa pili ni sabuni ya unga, ambayo inaganda chini ya tangi kama uji uliolala. Sabuni ya maji, matone machache, inatosha. Adui wa tatu ni mtu kuacha maji yale yale mpaka yanaota ukijani na kunuka.

Mzee Kondo alikuwa mkali kwa mambo hayo kuliko kwa breki. Siku moja alimsimamisha fundi mbele yetu wote, akamwambia, "Breki ikikataa, dereva ataiona hatari aikwepe. Kioo kikifunga, hatari atakutana nayo akiwa ndani yake." Fundi yule alikuwa mtu mzima mwenye wake wawili, na aliinamisha kichwa kama mwanafunzi. Mimi nilisimama na ndoo yangu, nikijiuliza zamu yangu itafika lini.

Sheria yake moja ilikuwa juu ya zote: hakuna maji yanayoingia kwenye gari kabla aliyeyashika hajayagusa kwa ulimi. Najua mnaosoma mtashtuka. Mtakuwa na haki, na nitafika huko. Lakini wakati ule gereji zote tulizozijua zilifanya hivyo. Kila kitu kilikuwa kinawekwa kwenye chupa za maji ya kunywa, kwa kuwa ndizo zilizokuwepo. Petroli unainusa na oili unaiona. Maji na maji huwezi kuyatofautisha kwa jicho.

Yadi ya Buguruni ilipofungwa, Mzee Kondo alinipeleka mwenyewe kwenye gereji ya Gerezani, nyuma kidogo ya Kariakoo, akanikabidhi kwa Msimamizi wa Gereji, Bwana Feruzi Maulidi. Bwana Feruzi alikuwa namna nyingine. Huyu hakupayuka. Kadiri alivyokasirika ndivyo sauti ilivyoshuka, mpaka ikabidi umsogelee ili usikie unavyofukuzwa.

"Huyu ndiye mtu wa maji?" aliuliza.

"Ndiye," Mzee Kondo akajibu. "Ulimi wake haudanganyi."

"Kwenye maji au kwa watu?"

"Kwa watu utajua wewe."

Hapo Gerezani nilikaa miaka mingi, mpaka nikastaafu. Kila asubuhi nilichukua ndoo na madumu, nikaenda Mchafukoge, kwenye yale maghorofa yenye viyoyozi vinavyodondosha maji barabarani na kulowesha watu mabega. Mama mmoja wa ghorofa ya chini, Mama Farida, alikubali niweke ndoo chini ya mrija wake. Alisema afadhali maji yafanye kazi kuliko kumlowesha ngazi. Nikifika gereji nayachuja kwa kitambaa cha marekani, natia matone ya sabuni, nayapanga kwenye chupa chini ya meza yangu. Maji ya kiyoyozi ni laini, hayaachi ukoko. Madereva waliyajua. Walikuwa wakija wanasema, "Bi Zuhura, nitilie yale ya Mchafukoge."

Aliyeyapenda kuliko wote alikuwa Selemani Kasanda, dereva wa kirikuu. Kirikuu mnakijua, kile kigari kidogo cha mizigo kisicho na pua, dereva amekaa kioo kinamgusa karibu pua yake mwenyewe. Selemani alibeba majora ya vitambaa kutoka Kariakoo kupeleka kwa mafundi cherehani wa Magomeni. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mimi Mzaramo, kwa hiyo tulikuwa watani na hakuna siku tuliyosalimiana kistaarabu.

"Mzaramo, bado hujafa?"

"Nife nani akuzike, wewe ndugu zako wako mbali?"

Sasa sikilizeni tabia yake, maana ndiyo iliyoleta kisa. Kirikuu chake hakikuwa na kiyoyozi. Akikwama kwenye foleni jua la mchana, Selemani alivuta kijiti cha wipa, akatoa mkono dirishani na kitambaa, akakinga maji pale pale yanapotoka kwenye nozeli, kisha akajipangusa uso. Macho, paji, shingo. Kwenye kigari kile mkono unafika bila shida. Alikuwa akisema maji yangu ni safi kuliko ya bombani kwake. Mimi nilifurahi kusifiwa, sikuona ubaya. Mwezi wa Ramadhani ndiyo alifanya hivyo zaidi, kwa kuwa kunywa huwezi, basi angalau uso upoe.

Siku yenyewe ilikuwa katika mfungo. Jua lilikuwa kali, mafundi wamenyamaza kwa kiu. Nilikwenda kuswali adhuhuri, na kutoka hapo nikapitia Mchafukoge kuchukua maji. Niliporudi, nikamkuta Hamisi Mkumba, fundi wetu wa injini, amekaa kivulini anapepea uso kwa kipande cha boksi.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba. Selemani kapita?"

"Kapita sasa hivi. Alikuwa na haraka, wateja wanamngoja Magomeni. Maji ya wipa yalikuwa yamekauka, nikamjazia mimi."

"Umemjazia yapi?"

"Yale ya mezani kwako."

Mimi maji yangu nayaweka chini ya meza. Hayajawahi kukaa juu. Nikainama, nikazikuta chupa zangu zote zimejaa, zimesimama vile vile nilivyoziacha. Kabla sijainuka, nikasikia sauti ya Yohana, fundi wetu wa umeme, kijana wa Moshi, kutoka kwenye kibanda chake cha betri.

"Jamani, nani kanichukulia chupa yangu? Niliiweka kwenye meza ya Bi Zuhura nikaenda kumfungulia mteja boneti."

Hamisi aliacha kupepea.

"Ilikuwa na nini?" nikauliza.

"Asidi. Ya ile betri mpya."

Niseme asidi ya betri ni nini, kwa asiyeijua. Inauzwa madukani, na mtu mwenye betri kavu anaijaza mwenyewe. Haina rangi na haina harufu ya kukuonya. Ikidondoka kwenye suruali huoni kitu, mpaka suruali itakapofuliwa, itoke na matundu. Ikiingia jichoni, isipooshwa mara moja, jicho linapotea. Na siku zile dukani walikupimia kwenye chupa yoyote uliyokwenda nayo.

Chupa tupu ilikuwa kwenye ndoo ya taka. Niliichukua kwa ncha ya kitambaa, nikaigeuza. Tone moja likaanguka kwenye sakafu ya saruji. Likatoa povu dogo, likanong'ona, likanyamaza.

"Hukuonja," nilimwambia Hamisi.

"Nimefunga, Bi mkubwa. Ningeonjaje?"

Sikuwa na muda wa kumjibu. Nilikuwa naliona jua lile, na foleni ya Msimbazi, na mkono wa Selemani unatoka dirishani na kitambaa.

"Mpigieni," nikasema.

Yohana akatoa simu yake, akampigia. Tukasikia simu inalia. Ilikuwa inalia humo humo kwenye kibanda cha Yohana, kati ya betri, imechomekwa kwenye chaji. Selemani alikuwa ameiacha.

Bwana Feruzi alikuwa ametoka ofisini. Alielewa kwa kututazama tu. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Anapita wapi?"

"Ama Msimbazi, ama mtaa wa Lindi halafu akatokee barabara ya Uhuru," Hamisi akajibu. "Inategemea foleni."

"Hamisi, panda bodaboda, fuata Lindi. Yohana, baki hapa, akirudi umzuie asiguse gari. Bi Zuhura..." Akanitazama miguu.

"Mimi nakwenda Msimbazi," nikasema.

"Kwa bodaboda?"

"Kwa miguu. Pale Msimbazi saa hizi pikipiki nayo inasimama."

Hilo lilikuwa kweli. Anayeijua Kariakoo anajua kwamba mchana gari ndilo la mwisho kufika. Nilijifunga khanga vizuri, nikaingia mtaani. Nilipita nyuma ya maduka ya vyombo, nikakata kati ya meza za wauza mikoba, nikakanyaga turubai la mtu wa viatu, akaniambia, "Bibi, pole pole, unavunja biashara." Nikamwambia samahani bila kusimama. Umri wangu wakati ule haukuwa wa kukimbia, na nilikuwa na funga. Kifua kilikuwa kinawaka. Kila nilipoona kigari cheupe niliinama kutazama dereva. Cha kwanza alikuwemo mwanamke. Cha pili alikuwemo kijana anakula karanga, wala hakujificha.

Njia nzima nilikuwa napiga hesabu nisiyoitaka. Kama foleni imesogea, Selemani yuko mwendoni, mikono kwenye usukani, macho yake salama. Kama foleni imesimama, nitamfikia, lakini ndipo hapo atakapovuta kijiti. Nilitaka asimame nimkute, na nilitaka asisimame. Sijui kama Mungu anapokea dua ya namna hiyo, ya pande zote mbili. Nilimwachia achague yeye.

Nilimwona karibu na mzunguko, ng'ambo ya barabara. Kati yetu kulikuwa na njia ya mabasi ya mwendokasi na uzio wake wa chuma, na mbele yangu mkokoteni umebeba magunia, umeziba kivuko chote. Kirikuu kilikuwa kimesimama. Selemani alikuwa amekilegeza kiti, kofia ameiweka kwenye dashibodi, kipara kinang'aa kwa jasho. Kitambaa kilikuwa mkononi tayari.

"Selemani!" nikaita. Sauti yangu ikafia hapo hapo. Pembeni yangu kulikuwa na spika ya kijana muuza mashati, imerekodiwa sauti yake mwenyewe inajirudia bila kuchoka: njoo uchague, njoo ujaribu, ya kwako ipo. Ng'ambo kulikuwa na nyingine, na nyingine mbele yake. Niliita tena. Mtu wa mkokoteni aligeuka, Selemani hakugeuka.

Nikaona mpira wa wipa umepanda na kushuka. Nikaona maji yanaruka kwenye kioo, yanameta. Mkono wake ukatoka dirishani, kitambaa kikakinga, kikalowa.

Nilimgeukia yule kijana wa spika. "Mwanangu, nipe hiyo."

"Shikamoo, bibi. Spika haiuzwi, mashati ndiyo yanauzwa."

"Marahaba. Yule mzee kwenye kirikuu cheupe, mwenye kitambaa, unamwona? Mwambie asinawe uso."

Akacheka. "Asinawe? Bibi, huyo kakukosea nini, hata uso asinawe?"

"Ni asidi. Ya betri."

Kicheko kilimtoka usoni mara moja. Namshukuru mpaka leo kwamba hakuniuliza la pili. Jina lake Deo, nilikuja kulijua baadaye. Aliizima rekodi, akaweka mdomo kwenye maiki.

"Mzee wa kirikuu cheupe. Anaitwa nani, bibi? Mzee Selemani. Mzee Selemani wa kirikuu cheupe, usinawe uso. Narudia, usinawe. Bibi yako yuko hapa, anasema hayo maji yana asidi."

Mtaa mzima ukaangua kicheko. Kariakoo ni hivyo, kwanza watu hucheka. Lakini hata wanaocheka walianza kulipitisha neno. Mtu wa mkokoteni alipaza sauti, "Mzee, usinawe." Muuza soksi wa ng'ambo akalidaka, "Mzee, unaambiwa usinawe." Likavuka barabara kutoka mdomo hadi mdomo, na mimi nimeshika chuma cha uzio, macho yangu kwenye kile kitambaa. Kilikuwa kimefika kidevuni. Kilikuwa kinapanda.

Muuza soksi akapiga bati la kirikuu kwa kiganja. Selemani akashtuka, akasimamisha mkono, akatazama nje kwa hasira ya mtu aliyefunga na kutaniwa hadharani. Alinitafuta kwa macho, akaniona. Mimi nikamfanyia ishara ya kutupa. Tupa. Akakitazama kitambaa, akanitazama, akakitupa chini.

Mkokoteni ukaondoka, nikavuka. Nilipomfikia alikuwa anajikuna vidole.

"Wewe Mzaramo, umenitangaza mji mzima."

"Shuka garini. Usijiguse macho. Usijiguse popote."

"Kuna nini?"

"Shuka kwanza, utaniuliza baadaye."

Pale kwenye kona palikuwa na duka la sahani la Mama Neema, mwanamke wa Kilimanjaro, ambaye alikuwa ameshatoka na ndoo ya maji kabla sijamwomba, kwa kuwa na yeye alisikia spika. Tulimmiminia Selemani mikono, tukaongeza ndoo nyingine, tukaongeza nyingine tena. Asidi haipanguswi, huoshwa kwa maji mengi, na huachi kuosha kwa sababu mtu kasema haiwashi tena. Kidevu chake nacho nilikiosha, nikamwinamisha kichwa upande ili maji yasielekee machoni. Magari nyuma yalikuwa yanapiga honi. Mama Neema aliwaambia wasubiri au wapite juu.

Alipokwisha oshwa nilimwambia yote. Alikaa kwenye ngazi ya duka. Alitazama mikono yake, ngozi ya vidole imekuwa nyekundu. Baadaye ngozi ile ilibambuka ikaota mpya, na kwenye kidevu pakabaki doa dogo ambalo ndevu hazioti. Siku ile alivikunja vidole, akavikunjua. Kisha akasema taratibu, "Ningekuwa nimeshajipangusa. Huwa naanza na macho."

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo sababu nimekuja."

Turudi gereji. Tangi lile nililitoa lote, mpira na pampu na nozeli. Nikayeyusha magadi, haya haya tunayopikia maharage, nikayamimina ndani. Magadi yakikutana na asidi hutoa povu jingi. Nilimimina mpaka povu likaisha, ndipo nikasuuza kwa maji ya kiyoyozi. Bodi ya gari chini ya kioo tuliiosha vivyo hivyo, rangi ikaharibika kidogo hata hivyo. Mipira ya wipa ilitupwa.

Bwana Feruzi alituita sote ofisini kabla ya magharibi. Sauti yake ilikuwa chini mpaka tulikuwa tumeinama kumsikiliza.

"Yohana, asidi kwenye chupa ya maji, kwenye meza isiyo yako."

"Ndiyo, Bosi."

"Hamisi, umetia kitu kwenye gari la mtu bila kukijua."

"Nilijua ni maji, Bosi. Kila siku ningeonja. Leo nimefunga. Niliogopa kufuturu kwa tone la maji ya gari."

Bwana Feruzi akanigeukia. "Bi Zuhura, unasemaje?"

Mimi nilimwuliza Hamisi, "Mkeo anapika futari gani leo?"

"Mihogo ya nazi. Na mchuzi."

"Chumvi anaijuaje kama imekolea?"

Hamisi ni mtu aliyeoa zamani, ana watoto wakubwa, lakini jikoni hakuwahi kuingia mchana wa Ramadhani. Sisi wanawake tunajua: mwenye kupika anaruhusiwa kugusa kwa ncha ya ulimi akatema, maadamu hakuna kinachoshuka kooni. Hamisi siku zote alidhani mkewe anapika kwa kukisia tu, na mchuzi unatoka sawa kwa baraka ya mwezi.

"Kwa hiyo mke wangu Mwanaharusi anaonja," akasema, kama mtu aliyeambiwa habari ya nyumba ya jirani.

Yohana aliangua kicheko, na ndiye pekee aliyecheka. Bwana Feruzi alimtazama, kikakatika. Kisha akatoa amri yake, na hii ndiyo nataka muichukue nyinyi mnaoanza. Kwanza, tangu siku ile hakuna kitu chochote cha gari kilichoingia kwenye chupa ya maji ya kunywa. Asidi ikanunuliwa kwenye dumu lake nene lenye kifuniko chekundu, ikafungiwa kwenye sanduku. Pili, kuonja kukakoma, iwe Ramadhani, iwe siku ya kawaida. "Mzee Kondo alikuwa fundi mzuri," alisema, "lakini ulimi si kifaa cha gereji. Kama Hamisi angeonja leo, tungekuwa tunazungumzia ulimi wa Hamisi."

Nilinuna kidogo, nisiwafiche. Ulimi ulikuwa ndio ufundi wangu. Lakini maneno yake yalikuwa na uzito, na nilipokwenda nyumbani nikalala nayo, asubuhi nikaona ni ya kweli. Tukaanza njia nyingine. Ukitilia shaka maji, dondosha tone kwenye saruji. Likitoa povu, usiyaguse. Ukitaka kujua chumvi, dondosha tone kwenye bati jeusi juani, liache likauke. Likiacha duara jeupe, hayo ni ya kisima. Inachukua muda kuliko ulimi. Subirini.

Yohana na Hamisi hawakufukuzwa. Bwana Feruzi aliwapa adhabu ya kwenda wenyewe nyumbani kwa Selemani, kumweleza mkewe, Bi Mgeni, mbele ya wanawe, ni nini kilitokea na nani alifanya nini. Hamisi aliniambia baadaye angependa zaidi kukatwa mshahara. Bi Mgeni aliwasikiliza mpaka mwisho, akawaandalia futari, wala hakuwasemesha neno mpaka walipoondoka.

Nilifanya kazi miaka kadhaa baada ya hapo, mpaka magoti yakakataa ngazi za Mchafukoge. Siku ya kuagwa Bwana Feruzi alisema maneno machache, kwa sauti ya kawaida, ndipo nikajua ameridhika nami. Siku hizi naambiwa maji ya wipa yanauzwa dukani yamekwisha tengenezwa, ya bluu na ya kijani, na magari mengine yanawasha taa yenyewe tangi likipungua. Ni vizuri. Ila taa ile inakuambia tangi limepungua tu. Kilichomo ndani bado anakijua aliyekitia. Kwa hiyo ukimjazia mtu maji, mjazie kama unayemwona anakwenda kunawa nayo, kwa sababu huenda kweli anakwenda kunawa nayo.

Sasa nakaa Magomeni kwa binti yangu, nashona kofia. Macho yangu mimi ndiyo yameanza kuniacha. Hospitali wanasema ni mtoto wa jicho, nasubiri zamu yangu. Selemani naye ameacha kuendesha, anakaa mtaa wa nyuma yetu, na baada ya alasiri hupita kunitukana kidogo kama desturi yetu. Kabla hajakaa nampa sindano na uzi. Anaigeuzia kwenye mwanga wa mlango, anaikodolea, uzi unapita mara ya kwanza.

"Lete na nyingine, Mzaramo," ananiambia. "Nikutungie na ya kesho."